Land Rover ya mzee: tuitengeneze au tuiuze?

Najua nimepotea, na wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kalamu. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Mlowo, kule Mbozi, mkoani Songwe, kwa kikao cha familia. Ajenda ilikuwa moja tu: Land Rover ya mzee. Itengenezwe, au iuzwe linunuliwe gari lingine? Kikao kilianza saa kumi jioni, kikaisha saa nne usiku, na hatukufikia muafaka. Nikarudi kazini na swali kichwani, na kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, nikaanza kulichimba. Nilichokuta ni historia ya barabara yetu yote, kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma. Ndiyo ninayowaletea leo.

Kwanza mlijue gari lenyewe. Ni Land Rover 109, pikapu, ya mwaka 1978. Ilikuwa na namba za SU, yaani ilikuwa mali ya shirika la umma, na mzee aliinunua kwenye mnada mwaka 1991, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Imebeba kahawa, mahindi, matofali, maharusi na majeneza. Sasa inatoa moshi wa bluu kama jiko la kuni mbichi, na ukienda nayo Tunduma na kurudi ni lazima uwe na lita moja ya oili pembeni.

Kaka yangu mkubwa anataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, halafu tukope tununue Hilux ya mtumba. Msimchukulie kuwa ni mtu wa anasa. Masika iliyopita, usiku, jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa, wakaja kumgongea mzee kama walivyozoea. Land Rover ikazima kwenye mlima, katikati ya tope, ikakataa katakata kuwaka. Mama wa watu akamaliziwa safari kwa bodaboda, mbele dereva, nyuma yake wifi yake amemshikilia. Alijifungua salama, Mungu mkubwa. Lakini kaka ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na kwenye kikao alisema neno moja ambalo hakuna aliyelijibu: "Siku nyingine hatutabahatika."

Mzee naye ana neno lake: "Hilo gari halidaiwi na mtu." Maana Hilux ya dizeli iliyo na hali nzuri, mpaka ikufikie Mlowo, haipungui milioni 30, na mkopo wa fedha hizo unataka dhamana, na dhamana tuliyo nayo ni hati ya shamba la kahawa. Basi. Upande mmoja kuna uhai wa watu, upande mwingine kuna shamba. Mama hakusema kitu, alikuwa anachambua maharage tu, lakini nilimwona alipotajiwa hati ya shamba mikono ikasimama.

Sasa tuanze na jambo ambalo hata mimi lilinishangaza. Land Rover yenyewe ilizaliwa kutokana na swali hili hili! Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Maurice Wilks, aliyekuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba kule Anglesey, Wales. Shambani alikuwa anatumia Jeep kuukuu la jeshi la Marekani, lililobaki vitani. Jeep likazidi kuchakaa, na spea zake hazikuwa rahisi kupatikana. Ndugu yake, Spencer, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni, akataka kujua likifa kabisa atanunua nini badala yake. Jibu likawa kwamba hakuna kingine cha kununua zaidi ya Jeep lingine. Hapo wakaona pengo, wakatengeneza la kwao, na mwaka 1948 Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam.

Na kuna jambo la pili. Uingereza wakati ule chuma kilikuwa cha mgawo. Alumini ilikuwepo kwa wingi, iliyokuwa ikitumika kujengea ndege za vita. Kwa hiyo bodi la Land Rover wakalifanya la alumini, na chesisi ikabaki ya chuma. Ndiyo maana hadi leo mnaiona Land Rover ya mwaka 1978 bodi lake halina kutu, limebonyea tu kama sufuria la msibani, wakati gari la Kijapani la miaka ya karibuni milango imeshatoboka. Uimara tunaousifia haukuletwa na ustadi peke yake. Uliletwa na uhaba. Likumbukeni neno hilo, uhaba, maana litarudi.

Tuje kwetu. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa upande mmoja kule Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Zambia, nchi changa ya mwaka mmoja tu, ilikuwa inategemea njia ya kusini kwa karibu kila kitu: shaba yake ilitoka kwa reli ya Rhodesia, na mafuta yake yaliingia kwa njia hiyo hiyo. Vikwazo vilipowekwa, mafuta ya Zambia yakakatika. Njia iliyobaki ya maana ilikuwa hii yetu, kutoka bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 hadi mpakani Tunduma, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika.

Malori yakaanza kumiminika, yamebeba mapipa ya petroli kwenda, na kurudi yamebeba shaba. Wazungu waliokuwa wakiendesha waliita safari hiyo kwa jina lenye maana ya mbio za jehanamu, na halikuwa la kutania. Malori yalipinduka, yalizama, yaliungua. Serikali za Tanzania na Zambia zikaunda kampuni ya pamoja ya usafirishaji kwa ubia na Waitaliano, Zambia-Tanzania Road Services, ikaleta malori ya Fiat. Kisha mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, likakamilika, na mapipa yakapungua barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara nayo ikawekwa lami, kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na wengineo.

Jiulize: malori yaliyokuwa yakiharibikia njiani miaka ile, nani aliyatengeneza? Si kwamba kulikuwa na gereji ya kampuni kila kijiji. Walikuwa ni madereva wenyewe na matingo wao, wamelala chini ya lori siku tatu, wakishona springi kwa mpira na waya. Fundi wetu wa Mlowo, mzee mwenye gereji yake chini ya mparachichi, anasema aliyemfundisha kazi alijifunzia kwenye malori hayo. Ufundi wa ukanda huu haukuanzia darasani.

Sasa njooni mwaka 1978, mwaka ambao Land Rover yetu ilitoka kiwandani. Mwaka huo huo Idi Amin alivamia Kagera, tukaingia vitani. Kampala ilianguka Aprili 1979, tukashinda, lakini tulirudi nyumbani na madeni. Mwaka huo huo wa 1979 bei ya mafuta duniani ikapaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika mwaka 1977. Fedha za kigeni zikawa haba kuliko mvua ya Agosti. Walioishi wakati ule wanakumbuka: magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana matumizi ya mafuta. Ukikutwa barabarani bila kibali, maelezo utayatoa polisi.

Kununua gari jipya ilikuwa ndoto. Magari yaliingizwa kupitia shirika la umma, State Motor Corporation, na dola za kuyaagiza zilikuwa za mgao. Hata ukiwa na shilingi gunia zima, hupati gari, maana shilingi haikuwa na maana mbele ya muuzaji wa nje. Kwa hiyo swali letu la leo, tutengeneze au tubadilishe, kwa Mtanzania wa mwaka 1982 halikuwepo. Jibu lilikuwa moja tu. Tengeneza! Spea haipo? Chonga. Mafundi wa kukereza vyuma wakawa watu wakubwa mjini. Gasketi ikakatwa kwenye ngozi au karatasi ngumu. Breki ikajazwa maji ya sabuni (nasikia, msijaribu nyumbani).

Na hata serikali ilikuja na jibu lake. Pale Kibaha kulikuwa na TAMCO, kiwanda cha kuunganisha malori na mabasi ya Scania. Na hapo hapo Kibaha, chini ya jeshi letu, ukazaliwa mradi wa Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilichotengeneza lori la Kitanzania lililopewa jina la mnyama yule anayetembea mbali bila kuchoka. Wazo lilikuwa zuri: kama hatuna dola za kununua na spea za kutengenezea hatupati, basi tuunde wenyewe. Nyumbu halikujaza barabara zetu, sote tunajua. Lakini naomba tusilicheke. Nchi nyingi zenye uwezo kuliko wetu hazikuthubutu hata kujaribu.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1984. Katika bajeti ya mwaka huo, iliyosomwa na Waziri wa Fedha, Cleopa Msuya, serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa bila kuulizwa sana fedha hizo wamezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Rukhsa, na mlango ukazidi kufunguka. Pikapu zikaanza kuonekana. Kisha miaka ya 1990 ikaja mitumba ya Japani.

Hapa nataka tutulie kidogo. Kwa nini Japani? Jibu la kwanza ni usukani. Japani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia, kwa hiyo gari lao linatufaa bila kubadilishwa kitu. Jibu la pili ni sheria yao. Gari binafsi likiwa jipya Japani linakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama kubwa, kodi na bima ndani yake. Mjapani anapiga hesabu zake, anaona heri aliachie gari likiwa bado zima. Sisi tunasema "tumenunua gari". Kwa kweli sehemu ya mambo ni kwamba Mjapani amekimbia gharama, na gharama imepanda meli kuja kwetu.

Majirani zetu walipoona hivyo waliweka ukomo. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15. Sisi hatukupiga marufuku, tukaweka ushuru wa uchakavu, yaani gari dogo likizidi umri fulani unalipia uzee wake. Ongeza ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, na ndipo unaelewa kwa nini bei unayoiona kwenye picha ya Japani na bei unayolipa ukiwa bandarini ni ndugu wa mbali kabisa.

Na sisi watu wa Tunduma mambo haya tunayaona kwa macho kuliko mtu yeyote. Kila siku iendayo kwa Mungu yanapita magari ya IT, yaani magari ya mtumba yaliyoshushwa Dar yakienda Zambia na Congo. Yanang'aa, viti bado vina nailoni. Kaka yangu ni dereva wa magari hayo. Anapokea gari Dar, analileta mpakani Tunduma, analikabidhi, anarudi kwa basi. Ameendesha magari mazuri mamia kwa mamia, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Kwenye kikao alisema, "Magari yote ya Mjapani yanapita mlangoni kwetu, sisi tumebaki kusukuma la Mwingereza." Tulicheka, lakini yeye hakucheka.

Nilipofika hapo katika kuchimba kwangu nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Wazee wetu wanatuambia kwamba enzi zao watu walijua kutunza vitu, sisi vijana tunatupa tu. Na sisi tunawajibu kwamba wao walishikilia mikweche kwa ushamba. Wote tunakosea. Mzee wa mwaka 1982 hakutengeneza kwa sababu ya maadili. Alitengeneza kwa sababu hakuwa na dola. Na kijana wa leo anayebadilisha gari habadilishi kwa sababu ya utajiri. Anabadilisha kwa sababu sheria ya ukaguzi ya nchi ya mbali imefanya gari zima liwe mzigo kwa mwenyewe. Mara zote mbili kuna mtu mwingine aliyetuamulia, sisi tukaja kuweka sababu zetu juu yake na kuziita tabia.

Je, kuna mahali tulipoamua wenyewe? Nikatazama nje ya dirisha la basi wakati narudi, nikaiona reli ya TAZARA, na nikacheka peke yangu.

Hii reli tunaijua. Mkataba ulisainiwa Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, reli ikafika mpakani kwetu Tunduma mwaka 1973, na ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba. Ilijengwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Kiasi kikubwa ilichowahi kubeba ni kama tani milioni 1.2, na hilo lilikuwa katika miaka yake ya mwanzo. Ilipofika mwaka wa fedha 2014/15, mizigo haikufika hata tani 100,000.

Lakini angalieni ilivyotunzwa. Vichwa vya treni vya kwanza, vya Kichina, vilielemewa na milima. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 viliagizwa vichwa vya dizeli na umeme, muundo wa General Electric ya Marekani, vilivyojengwa na Krupp ya Ujerumani. Reli ya Mchina, kichwa cha Mmarekani kilichofuliwa na Mjerumani! Hakuna aliyesema reli nzima ing'olewe kwa sababu kichwa kimeshindwa mlima. Na Septemba 2025, Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC, wa miaka 30 na uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Ukiusoma unakuta fedha nyingi ni za kukarabati njia ya reli, na sehemu nyingine ni ya kununua vichwa na mabehewa mapya. Njia inatengenezwa, vichwa vinabadilishwa. Vyote viwili kwa pamoja.

Na jirani zetu wa Rukwa na Kigoma wana MV Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande kwenye masanduku, ikaunganishwa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi waliipaka injini grisi nzito kabla hawajaizamisha, kwa matumaini ya kurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927. Miaka ya 1970 injini yake ya mvuke ikaondolewa, ikawekwa ya dizeli. Iliposimama mwaka 2018 serikali iliamua ikarabatiwe, haikuamua iuzwe chuma chakavu. Meli ina zaidi ya miaka 100, lakini je, ni meli ile ile? Ubavu ni ule ule. Moyo si ule.

Hapo ndipo nilipoona kosa la kikao chetu. Tulikuwa tunauliza "gari litengenezwe au libadilishwe?" kana kwamba gari ni kitu kimoja. Gari si kitu kimoja! Ni chesisi, bodi, injini, giaboksi, breki, kila kimoja na umri wake. Swali sahihi ni: kipi kimekufa, na kipi bado kizima?

Nikampigia fundi simu. Nikamwomba asiniambie bei kwanza, aniambie hali. Aliniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyosema kadiri ninavyokumbuka. Krank ya injini ile, alisema, imeshakerezwa mara nne. Kila ikikerezwa inapungua, na unatafuta beringi nene zaidi kuziba pengo. Imeshafika saizi ya mwisho, hakuna beringi inayofuata. "Mwanangu, injini hii mimi naweza kukufungulia nikafunga tena ukafurahi mwezi mmoja. Nitakuwa nimekula hela ya baba yako." Kwa hiyo injini ni marehemu. Kuitengeneza ni kutupa fedha, hapo kaka yuko sahihi kabisa.

Nikamuuliza chesisi. Akaniambia nisubiri, akaenda kuigonga kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma, nasikia kwenye simu: ngo, ngo, ngo. Chuma kizima kinaimba, chuma kilichooza kinakohoa. Kikakohoa sehemu moja tu, ule mkono wa nyuma unaoshika mkia wa pikapu. Hapo patakatwa na kuchomelewa kipya. Bodi ni alumini ile ile ya mgawo wa Waingereza, haina neno. Hapo mzee yuko sahihi.

Basi kuna njia ya tatu, na wala si mimi niliyeigundua, wenye Land Rover nchi hii wameitumia miaka mingi: unatoa injini ya Mwingereza, unaweka ya dizeli ya Kijapani, ya mtumba. Fundi alinipigia hesabu. Injini, kutengeneza pa kuikalisha, kuioanisha na giaboksi, kuchomelea chesisi, na breki zote nne mpya, inakuja milioni 7 na ushee. Si fedha kidogo kwetu, lakini ni mavuno ya kahawa, hatuhitaji hati ya shamba.

Niliwarudia nyumbani na hesabu hiyo wiki iliyopita. Kaka hakukubali mara moja, na nisingependa mdhani ilikuwa rahisi. Aliuliza maswali ya haki. Je, breki zitasimama kwa injini yenye nguvu zaidi? (Ndiyo maana zimo kwenye hesabu.) Je, kadi ya gari? (Injini ikibadilishwa namba lazima ziandikishwe upya TRA, la sivyo siku ya kukaguliwa unaonekana mwizi.) Je, ikizima tena mlimani na mgonjwa ndani? Hapo nilikosa jibu. Nikasema ukweli: hata Hilux ya mtumba inaweza kuzima, ila hiyo itazima ikiwa na deni. Kaka akanyamaza muda mrefu. Kisha akatoa sharti lake: tukishafunga injini mpya, yeye ndiye ataijaribu, siku tatu, mlima ule ule, usiku, ikiwa na mzigo. Ikishindwa inauzwa na hakuna kikao kingine. Mzee alikubali. Wakapeana mikono.

Mama ndiye aliyefunga kikao. Alisema kwa sauti ndogo tu, "Na usiku kukinyesha sana muwe mnamwita wa bodaboda aje afuate nyuma." Watu wote wawili, baba na kaka, wakasema sawa mama. Mimi na historia yangu yote kutoka Anglesey hadi Kapiri Mposhi sikuwa nimelifikiria hilo.

Kwa hiyo injini inatafutwa, na mavuno yanaanza. Mzee kaomba kitu kimoja: ile injini ya zamani isiuzwe kwa kilo. Anataka ikae pale uani. Nilimuuliza ya nini, akasema tu kuku watataga ndani yake.

Sasa nawageukia ninyi. Najua wengi wenu mna gari, pikipiki, hata mashine ya kusaga, iliyosimama nyumbani ikisubiri uamuzi. Kabla hamjagombana, mwiteni fundi mwenye nyundo na muulize kipi kimekufa na kipi bado kinaimba. Na kama kuna aliyewahi kufunga injini ya dizeli ya Kijapani kwenye Land Rover 109, tafadhali aniambie aliioanishaje na giaboksi. Kaka anasubiri jibu kuliko mimi.

Tuonane siku nyingine, Mungu akipenda. Wasalaam.